Muulize Mfamasia: Kidonge kikishamezwa kinakwenda wapi?

Barua za mwezi huu kuhusu kisukari, lehemu na vidonda vya tumbo zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kwa nini hii asubuhi kabla ya kula, ile pamoja na chakula, nyingine usiku, wakati bahasha zote zimeandikwa "1x1" au "1x2" na basi? Bahasha ni ndogo, na dirishani foleni ni ndefu. Lakini kila dawa ina kiungo inachokiendea, na kiungo hicho kina saa zake. Ukishajua dawa inafanyia kazi wapi, saa ya kuimeza haikusumbui tena.

Majina ya dawa tumeyaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza. Tunayoyaeleza hapa ni ya kukusaidia kuuliza maswali kliniki, si ya kujibadilishia dozi mwenyewe.

*

Nina kisukari mwaka wa tatu sasa. Nakula saa moja usiku, sigusi kitu tena. Juzi nilipima wakati wa kulala nikakuta 7.8, saa kumi na mbili asubuhi ikawa 9.4. Sukari imetoka wapi na mimi sijala? Nimeanza kuacha chakula cha usiku kabisa lakini haisaidii. — Mwalimu mstaafu, Morogoro

Shikamoo mwalimu. Imetoka kwenye ini lako.

Ini ni ghala. Mchana linaweka akiba ya sukari, usiku linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula ukiwa umelala. Akiba ikipungua, ini linatengeneza sukari mpya kabisa kutokana na protini na mabaki mengine ya mwilini. Kuanzia kama saa tisa usiku, homoni za kuuandaa mwili kuamka, kortisoli ikiwemo, zinaliamuru ini litoe zaidi. Kwa asiye na kisukari, kongosho linaona hali hiyo na kuachia insulini inayoliambia ini "inatosha". Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, ini limekuwa gumu wa kusikia. Linaendelea kumimina. Ndiyo maana kulala na njaa hakukusaidii: ghala halijali kama umekula ugali au hujala.

Metformini inafanya kazi yake kubwa hapo hapo, kwenye ini. Inalipunguzia kasi ya kutengeneza sukari mpya. Inasaidia pia misuli isikie insulini vizuri zaidi, na ina kazi nyingine kwenye utumbo. Haiendi kukamua kongosho, kwa hiyo ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi.

Kabla hujaenda kliniki, fanya hivi kwa siku tatu: pima wakati wa kulala, weka kengele upime saa tisa usiku, upime tena asubuhi kabla ya chai. Andika kwenye daftari. Kama ya saa ya kulala tayari iko juu, tatizo ni mlo wa jioni. Kama saa tisa ni nzuri na asubuhi imepanda, ni ini, na daktari anaweza kuhamishia metformini yako kwenye mlo wa jioni au kukupa ile inayoachia taratibu. Lakini ukikuta saa tisa iko chini ya 3.9 na unatumia glibenklamidi (kidonge kingine cha kisukari) au insulini, dawa ya usiku ni kali mno. Mtu wa aina hiyo akiongezewa dozi kwa sababu ya namba ya asubuhi, anaongezewa hatari. Watu wengi wazima wenye kisukari wanalenga kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula asubuhi. Kwa mzee mwenye maradhi mengine daktari hulegeza kidogo.

Na chakula cha jioni kirudishe, mwalimu.

*

Nilianzishiwa metformini ya miligramu 1000 asubuhi na jioni. Tumbo likaendesha wiki nzima, mdomoni ladha kama nimelamba msumari. Nimeiacha. Kuna nyingine? — Mama wa watoto wanne, Kisumu

Zipo nyingine, lakini metformini usiihukumu kwa mwendo huo. Umeanzia mwisho. Utaratibu unaovumilika ni miligramu 500 pamoja na mlo wa jioni kwa wiki moja, halafu 500 asubuhi na 500 jioni, halafu unapanda kwa 500 kila wiki hadi dozi unayoihitaji, ambayo kwa wengi haizidi 2000 kwa siku. Imeze katikati ya chakula, siyo kabla na siyo saa moja baadaye. Utumbo huizoea ndani ya wiki mbili tatu. Isipokubali hata hivyo, omba ile inayoachia taratibu. Hiyo usiivunje wala kuitafuna. Na ukiona ganda la kidonge kwenye choo usishtuke, dawa yenyewe imeshatoka ndani.

Metformini haivunjwivunjwi na mwili. Inatoka kwa figo kama ilivyoingia. Kwa hiyo figo zikichoka, inajaa kwenye damu na inaweza kusababisha tindikali ya lakteti, hali ya nadra lakini ya kuua. Kipimo cha uchujaji wa figo, kile kinachoandikwa eGFR kwenye karatasi ya maabara, kikishuka chini ya 45 dozi hupunguzwa. Kikishuka chini ya 30, metformini inaachwa kabisa. Siku ukiharisha na kutapika hadi kuishiwa maji, isimamishe mpaka urudie kula na kunywa kawaida.

Mambo mawili ambayo mara nyingi hayasemwi dirishani. Ukiwa unatumia dawa za VVU zenye dolutegraviri, ambazo ndizo zinazotumiwa na wengi Afrika Mashariki sasa, metformini isizidi miligramu 1000 kwa siku, kwa sababu dolutegraviri inaizuia isitoke. Mwambie daktari wa kisukari hata kama kliniki ni mbili tofauti. La pili: ukiitumia miaka mingi, vitamini B12 inaweza kupungua. Ganzi na kuchomachoma miguuni kisha huitwa "sukari imepiga mishipa", kumbe B12 haijapimwa hata mara moja.

*

Tangu nianze dawa mpya ya kisukari, sisimizi wanajaa chooni. Sukari yangu kwa mashine ni nzuri, 6 na kitu. Mkojo nilipopimwa zahanati wakasema sukari imejaa ++++. Nani anadanganya? — Fundi, Mwanza

Hakuna anayedanganya. Bila shaka umepewa empagliflozini au dapagliflozini. Figo kila siku huchuja sukari yote ya kwenye damu kisha huirudisha. Dawa hizi zinauziba mlango wa kuirudishia, na gramu 60 hadi 80 zinatoka na mkojo kwa siku. Hizo ni kama vijiko 15 hadi 20 vya chai. Sisimizi wamesoma dawa inavyofanya kazi kabla yako. (Waganga wa India ya kale waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali, na sisimizi ndio walikuwa maabara yao.) Kwa hiyo ukiwa kwenye dawa hii, kipimo cha mkojo hakisemi lolote kuhusu kisukari chako. Tumia cha damu.

Sehemu za siri zioshe kwa maji baada ya haja ndogo na uzikaushe, maana fangasi nao wanapenda sukari. Na ukipatwa na kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na kupumua kwa haraka, nenda hospitali hata kama mashine inasoma 9 au 10, uwatajie dawa hii kwa jina. Inaweza kuleta sumu ya ketoni bila sukari kupanda sana, hasa kwa mtu aliyeacha kula, mgonjwa, au anayesubiri upasuaji. Kabla ya upasuaji huachwa siku tatu, nyingine za kundi hili siku nne.

*

Assalamu alaykum. Mama yangu ana miaka 68, anatumia glibenklamidi ya 5 asubuhi na jioni pamoja na metformini. Ramadhani iliyopita alianguka saa tisa alasiri. Mwaka huu anataka kufunga tena. Tumfanyieje? — Binti yake, Mombasa

Waalaykumu salaam. Tuanze na lililomwangusha.

Seli za kongosho zina vijilango vya potasiamu. Sukari ikiingia ndani ya seli, vijilango vinafungwa, na hapo insulini inaachiwa. Sukari ikiwa kidogo, vinabaki wazi na insulini inakaa ndani. Glibenklamidi inakwenda kuvifunga yenyewe. Ni kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango bila mgeni: ndani wanapika tu. Umekula au hujala, insulini inatoka, na inaweza kuendelea kutoka karibu saa 24. Kwa mzee ambaye figo zimeanza kuchoka, mabaki yake nayo yanakaa mwilini na bado yana nguvu. Kidonge cha daku kinaikuta sukari ya saa tisa alasiri haina kitu cha kuitegemeza.

Mpelekeni kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, siyo jioni ya kuandama. Kwa umri wake na tukio la mwaka jana, daktari anaweza kumshauri asifunge, na mashehe wengi wanalikubali hilo kwa mgonjwa aliye hatarini. Akiruhusiwa, kwa kawaida glibenklamidi hubadilishwa na gliklazidi, ambayo haina tabia ya kung'ang'ania hivyo. Dozi kubwa huhamia futari, ya daku hupunguzwa. Metformini haina shida kubwa, hupangwa futari na daku.

Apime mchana, hasa alasiri. Kuchoma kidole hakuvunji saumu. Akikuta chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, afungulie hapo hapo hata kama adhana imebaki dakika kumi. Jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuongea maneno yasiyoeleweka: msisubiri mashine. Mpeni gramu 15 za sukari, yaani vijiko vinne vya chai vya usawa kwenye maji, au nusu ya soda ya mililita 300 (isiwe ile isiyo na sukari). Subirini dakika 15, pimeni. Bado iko chini, rudieni. Ikipanda, apewe chakula, kwa maana sukari tupu inakwisha upesi na glibenklamidi bado ipo kazini. Na kwa sababu hiyo hiyo, aliyeanguka kwa glibenklamidi asiachwe nyumbani "kwa kuwa amezinduka". Sukari hushuka tena usiku. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mkimbizeni hospitali.

*

Lehemu yangu imesomeka kawaida, lakini daktari amenipa atorvastatini ya 20 eti kwa kuwa nina kisukari. Sili nyama nyekundu, sili mayai. Hapa kwetu ni samaki na nazi tu. Ninyweje dawa ya ugonjwa nisio nao? — Mvuvi, miaka 52, Tanga

Lehemu, yaani kolesteroli, sehemu kubwa unaitengeneza mwenyewe, na kiwanda kikubwa ni ini (ini tena). Atorvastatini inakizuia kimeng'enya kimoja kwenye mstari wa kuitengeneza. Wengi huishia hapo wakidhani dawa "imeyeyusha mafuta". Kinachofuata ndicho kinachotibu: ini likikosa lehemu yake ya ndani, linatoa nje ya seli zake vipokezi vingi zaidi, mikono ya kunasa lehemu mbaya, LDL, inayopita kwenye damu. Damu inasafishwa na ini lenyewe lenye njaa.

Sasa, kwa nini wewe? Kwa mwenye kisukari, mishipa ya damu imeshakwaruzwa na sukari, na LDL ya "kawaida" inapenya na kuganda kwenye kuta zake kwa urahisi kuliko kwa jirani yako. Kwa hiyo miongozo ya kisukari inapendekeza dawa za kundi hili kwa watu wa miaka 40 hadi 75 wenye kisukari, hata kama karatasi ya maabara haina alama nyekundu. Unalindwa na kiharusi na shambulio la moyo. Hutajisikia tofauti yoyote ukiimeza, na hutajisikia tofauti ukiiacha, ndipo watu wanapokosea. Kwa mwenye kisukari LDL inalengwa kushushwa chini ya 1.8, na aliyewahi kupata shambulio la moyo chini zaidi. Kipimo hurudiwa kati ya wiki 4 na 12 tangu uanze.

Nazi. Haina lehemu hata chembe, hakuna mmea wenye lehemu ya kutajika. Lakini mafuta yake kwa sehemu kubwa sana ni yale yanayoganda, na mafuta hayo yanalifanya ini lipunguze vile vipokezi. Yaani tui linafanya kinyume kabisa cha kidonge. Hatukuambii uache wali wa nazi Tanga. Acha kasimile kwa siku za sherehe, siku za kawaida pikia tui la pili, na kunde au maharage yaonekane mezani mara nyingi zaidi. Samaki endelea naye, ila usimzamishe kwenye mafuta.

Moja zaidi: dawa hizi huweza kupandisha sukari kidogo. Faida yake kwa moyo ni kubwa kuliko hasara hiyo, lakini usishangae.

*

Mimi naambiwa simvastatini ni ya usiku, mwenzangu anameza ya kwake asubuhi. Na mapaja yananiuma, niache? — Nakuru

Ini linatengeneza lehemu zaidi usiku. Simvastatini inaisha mwilini baada ya saa chache, ikimezwa asubuhi inakuwa imeshachoka zamu ya usiku inapoanza. Atorvastatini na rosuvastatini zinadumu, saa yoyote inafaa mradi iwe ile ile kila siku.

Maumivu ya dawa kwa kawaida huja pande zote mbili, mapaja au mabega, wiki chache baada ya kuanza au kuongezewa dozi. Goti moja, au upande mmoja wa mgongo, mara nyingi ni mambo mengine. Na tuseme ukweli: katika majaribio ambapo baadhi walipewa kidonge kitupu bila kujua, wenye kidonge kitupu nao walilalamika misuli kwa wingi. Usiache kimya kimya, nenda upimwe. Mara nyingi dawa hubadilishwa au dozi hupunguzwa, na kupunguza hakugharimu sana, kwa kuwa kila dozi inapozidishwa mara mbili LDL huongezeka kushuka kwa kama asilimia 6 tu. Ila mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na misuli imelegea, hiyo ni ya kuacha dawa na kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Epuka juisi ya balungi ukiwa kwenye simvastatini. Mwanamke anayetarajia kupata mimba amwambie daktari mapema.

*

Nina vidonda vya tumbo. Omeprazoli nakunywa tumbo likianza kuwaka, mara nyingi baada ya kula, lakini inachelewa sana kusaidia. Nimeanza kufungua kapsuli na kutafuna vile vipunje ili iwahi. Maziwa nayo yanatuliza kidogo kisha moto unarudi. — Bodaboda, Dar es Salaam

Kaka, dawa yako unaiua kabla haijafika.

Vile vipunje vyeupe kila kimoja kimevikwa koti lisiloyeyuka kwenye tindikali. Omeprazoli iliyo uchi ikikutana na tindikali ya tumboni inaharibika. Koti linaivusha hadi utumbo mwembamba, huko inafyonzwa, inaingia kwenye damu, inazunguka mwili, halafu inarudi kwenye tumbo kwa mlango wa nyuma, kupitia mishipa ya damu, hadi ndani ya seli zinazomwaga tindikali. Humo ndani, kwenye vijishimo vyenye tindikali kali kuliko mahali popote mwilini, ndipo inapoamshwa na kuzikamata pampu moja kwa moja. Tindikali ile ile ikiipata mapema inaiharibu, ikiipata mahali pake inaiamsha. Ukitafuna, umevua koti.

Pampu hizo nyingi hulala tumbo likiwa tupu. Chakula ndicho kinachoziamsha, na omeprazoli inakamata zilizoamka tu. Yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya saa chache. Kwa hiyo lazima iwe imeshafika pale chakula kinapoingia. Ukiamka, meza kapsuli nzima na maji. Subiri dakika 30 hadi 60. Kisha kula, chakula kweli, siyo chai tupu. Kuimeza na kuondoka na pikipiki hadi saa nane bila kula ni kuitupa. Siku ya kwanza inakamata sehemu tu ya pampu. Nguvu kamili inakuja baada ya siku tatu hadi tano, kwa hiyo usiibadilishe siku ya pili. Kidonda cha mwanzo wa utumbo kwa kawaida hutibiwa wiki 4, cha tumbo lenyewe wiki 8. Asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuifungua na kuchanganya vipunje kwenye juisi ya chungwa au nanasi, akanywa ndani ya dakika 30 bila kutafuna.

Kwa moto wa sasa hivi, tafuna kidonge cha magnesiamu au unywe ile dawa ya maji inayouzwa kwenye chupa. Hiyo inaizimua tindikali iliyokwisha kumwagwa. Inafanya kazi kwa dakika, na haidumu. Ya magnesiamu peke yake huendesha tumbo, ya alumini hufunga choo, ndiyo maana zinachanganywa. Weka saa mbili kati yake na dawa nyingine. Maziwa yanapoza kwa muda, kisha kalsiamu na protini yake zinaliita tumbo limwage tindikali zaidi.

Halafu, ni nani aliyesema ni vidonda? Kwetu kila kinachochoma chini ya chembe ya moyo kinaitwa vidonda vya tumbo, na wengi wakipigwa kamera hawakutwi na kidonda. Ukiona choo cheusi kinachonata kama lami, kutapika damu au kitu kama mashapo ya kahawa, kupungua uzito, au chakula kukwama kooni, usiendelee kununua kapsuli dukani.

*

Nina vidonda, siruhusiwi diklofenaki ya kumeza. Mgongo ukizidi nachomwa sindano yake kwa kuwa haipiti tumboni. Ni salama? — Kuli, bandarini

Hapana. Diklofenaki haijeruhi tumbo hasa kwa kuligusa. Inazuia prostaglandini mwili mzima, na hizo ndizo zinazoliamuru tumbo lijipake ute wa kujikinga na tindikali yake. Ukiipitisha kwenye nyama ya tako inafika tumboni na damu, kama ile omeprazoli ya hapo juu. Ibuprofeni ni kundi hilo hilo, aspirini pia. Anza na parasetamoli gramu 1, isizidi gramu 4 kwa siku, na kidogo zaidi kwa mnywaji wa pombe. Ikilazimu hizo nyingine, daktari hutoa kwa siku chache pamoja na omeprazoli. Ila anayetumia aspirini ndogo ya 75 kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe kwa kusoma hapa.

*

Nimepimwa damu nikaambiwa nina H. pylori. Nimeuziwa boksi lenye dawa tatu kwa siku 14. Natumia pia glibenklamidi, metformini na simvastatini. Niliwahi kutibiwa hivi miaka miwili iliyopita na damu bado inasema ninaye. — Mfanyabiashara, Arusha

Usifungue boksi kwanza.

Kipimo cha damu kinatafuta askari, siyo adui. Mwili ukishapigana na H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, kingamwili zake zinaweza kubaki kwenye damu miezi, hata miaka, bakteria akiwa amekufa. Kwa aliyekwisha kutibiwa, kipimo hicho hakisemi kitu. Omba kipimo cha choo cha antijeni au cha kupuliza pumzi. Kabla yake, omeprazoli iachwe wiki 2 na antibaiotiki wiki 4, la sivyo bakteria anajificha na jibu linakuja "hayupo".

Ikithibitika yupo, lile boksi lina omeprazoli 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini 500, vyote asubuhi na jioni. Omeprazoli humo siyo ya kutuliza tu. Tindikali ikipungua, bakteria anaanza kuzaliana, na antibaiotiki humuua vizuri anapozaliana. Kukatisha siku ya tisa kwa sababu tumbo limetulia ndiko kunakozaa bakteria sugu. Kwa kuwa ulishatumia klarithromaisini, na kama umewahi kupewa azithromaisini kwa kikohozi, huenda wa kwako ameshaizoea. Hapo hutumika mpango wa dawa nne: omeprazoli, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli. Bismuthi inageuza choo kuwa cheusi bila kuvuja damu, ujue mapema.

Na hatari yako kubwa iko kwenye dawa ulizonazo tayari. Klarithromaisini inalizuia ini lisiivunje simvastatini. Inalundikana na inaweza kuichana misuli hadi mabaki yake yazibe figo. Simvastatini husimamishwa siku zote 14 na kurudishwa baada ya hapo. Wiki mbili bila hiyo hazikudhuru. Glibenklamidi nayo nguvu yake huongezeka, sukari inaweza kuporomoka, kwa hiyo pima mara tatu au nne kwa siku na uwe na sukari mfukoni. Metformini inaendelea, ila ladha ya chuma mdomoni itakuwa ya dawa mbili kwa pamoja. Ukiwa na aleji ya penisilini sema kabla, amoksilini ni ukoo huo. Nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, uviweke mezani.

Wiki 4 baada ya dozi ya mwisho, kipimo cha choo tena. Wengi hawarudi. (Barry Marshall wa Australia mwaka 1984 alimnywa bakteria huyu kwa makusudi kuthibitisha kuwa analeta ugonjwa tumboni. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwenda maabara na kikopo ni rahisi kuliko hivyo.)

*

Omeprazoli nimekunywa miaka minne. Nikiacha siku mbili moto unakuja mkali kuliko wa mwanzo. Inamaanisha bado naumwa? — Dodoma

Si lazima. Tumbo lililofungiwa pampu muda mrefu hupandisha homoni ya gastrini ili kulazimisha tindikali. Ukiacha ghafla, gastrini bado iko juu na pampu ziko huru. Moto huo kwa wengi unapoa ndani ya wiki chache.

Kama hukuwahi kuvuja damu tumboni na hutumii aspirini wala dawa za maumivu kila siku, muulize daktari kuhusu kushuka taratibu: kama unameza 40, shuka hadi 20 kwa wiki mbili, kisha siku moja unameza siku moja unaacha kwa wiki mbili nyingine, kisha acha. Siku za kuacha, moto ukija, tafuna kidonge cha magnesiamu saa moja baada ya kula. Na kama katika miaka hiyo minne ulikuwa pia kwenye metformini, pima B12, kwa kuwa zote mbili zinaipunguza.